Siku Niliyopika Mwaka Kesho

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, naikumbuka hata kwa harufu yake: moshi, maharage, na karatasi za kitabu cha zamani. Juzi ulinijia na daftari ukaniambia, "Mama, nipe dhamira ya shairi hili, mstari mmoja tu, kesho tunakusanya." Sikukupa, ukanuna, nikaona mdomo ulivyokuvimba. Leo nakupa, ila si kwa mstari mmoja. Vuta kigoda ukae.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki, ya themanini na kitu. Babati ilikuwa bado mji mdogo, tuko chini ya mkoa wa Arusha, na mlima Kwaraa ulitutazama kama unavyowatazama ninyi leo. Sukari ilikuwa habari. Sabuni ilikuwa habari kubwa zaidi. Mtu akionekana anakimbia barabarani, watu walimfuata kwanza, ndipo wakamuuliza ni duka gani limefunguliwa. Tulikula ule unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, tukashukuru, maana mwenye njaa hana miiko.

Nilikuwa kidato cha tatu. Baba yangu, Yosefu, alikuwa karani Arusha mjini. Mshahara ulipoanza kuishia njiani, alinileta kijijini Nakwa, karibu na Babati, kwa mama yake, angalau nile cha shambani. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa mjini, niliyejua kwamba unga unatoka kwenye mfuko. Kumbuka hilo. Litatutia matatani baadaye.

Tena nilikuwa na haya. Sisemi adabu ile inayosifiwa kanisani. Nilikuwa na haya kama ugonjwa. Rafiki yangu Hadija, binti wa mfanyabiashara wa pale sokoni, alikuwa akisema, "Vero akiitwa jina, anaomba kwanza ruhusa ya kuitika." Nilichoshindwa kusema nilikiandika. Madaftari hayakupatikana, basi baba alinipa fomu za zamani za ofisini, zilizoandikwa upande mmoja na upande wa pili ni mweupe. Nikazishona kwa uzi wa gunia. Ninazo mpaka leo kwenye lile sanduku unalodhani lina vitenge.

Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza aliitwa Rwechungura, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye koti moja la Jumatatu hadi Ijumaa. Shule nzima ilikuwa na kitabu kimoja tu cha mashairi ambacho hakijachanika. Humo mlikuwa na shairi la mtu wa Ulaya wa zamani, mmoja wa wale waliodai kwamba upepo na miti vina moyo kama sisi. Alikuwa anaimba juu ya majira ambayo kwao huja kati ya joto na theluji, miti inapopukutisha majani. Sisi theluji tuliijua kwa picha ya kilele cha Kilimanjaro, basi.

Mshairi huyo aliyachora majira yenyewe kama mwanamke mzee anayeizunguka nchi kwa miguu. Kila anapopita anavua kitu na kukigawa. Shali yake ya njano anaupa mto. Kilemba chekundu anakipa kilima. Shanga zake anawarushia ndege wanaosafiri. Mwisho anabaki mtupu katika ukungu, mlango wa baridi unafunguliwa, naye anaingia bila kugeuka nyuma.

"Huyo bibi angepita Babati," Hadija akasema kutoka nyuma, "mgambo wangemkamata kwa uzururaji kabla hajafika kwenye kilemba."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akageukia ubao ili tusimwone.

Alituambia tuandike aya moja juu ya dhamira. Mimi niliandika hivi, na nakusomea bila kuficha: "Dhamira ya shairi hili ni umaskini. Mwanamke huyu amefilisika, hana ndugu wa kumsaidia, na nchi yao ina shida ya nguo." Usicheke sana. Mwaka ule kanga moja ilikuwa inavaliwa kwa zamu na watu wawili, na nilisoma kwa macho niliyokuwa nayo.

Mwalimu aliporudisha karatasi alisimama kwenye dawati langu. "Veronika, umeona nguo zinavyotoka mwilini. Je, umeona zinakokwenda?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Taswira," akasema, sasa akiliambia darasa zima, "ni kitu ambacho mshairi amekutundikia mbele ya macho. Usikiangue kabla hujauliza nani amekitundika, na kwa nini pale. Veronika, Jumatatu utasimama utueleze. Chukua kitabu, una mwandiko mzuri. Wenzako watakuja kwako Jumamosi kunakili."

Fomu ya Alhamisi ile inasema: "Nimepewa kitabu. Jumamosi watakuja watano. Jumatatu nitasimama mbele ya watu. Mungu, nipe malaria, hata ile ndogo."

Malaria haikuja. Wakaja wale watano, saa mbili asubuhi, Hadija akiwa mbele. Bibi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Bonga msibani, na hakujua kama nina wageni, kwa sababu hata hilo niliona haya kumwambia. Alikuwa ameniachia unga wa kunitosha mimi peke yangu, na maharage kidogo kwenye kibuyu. Tukatandika mikeka uani, Hadija akawa anasoma kwa sauti na wengine wanaandika.

Mwanangu, nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: "Jamani, chakula hakuna." Wote wangeelewa, maana kwao pia hakikuwepo. Lakini nilijiona naaibika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliogopa wageni waondoke kwetu na njaa. Nikaingia jikoni nikasimama katikati, nikatazama juu.

Juu ya meko palikuwa na mti umelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mahindi yamening'inizwa mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe. Yalikuwa meusi kwa masizi. Nikasema moyoni, maskini Bibi, uzee huu, ameyasahau mahindi mpaka yamekuwa makaa. Nakuambia ukweli, nilijiona mwerevu. Nikayaangua yote. Nilipofuta masizi nikakuta ndani punje nyeupe, nene, zimepangana kama meno ya ng'ombe. Nikayapukuchua, nikayabandika na maharage, nikatia magadi, nikarudi uani nikijisikia mwenye nyumba.

Saa nane kande iliiva. Wenzangu walikula kama watu waliotoka kuvuka jangwa.

"Vero, kumbe kwenu ni matajiri na umekaa kimya!" Hadija alisema, mdomo umejaa. "Mahindi gani haya? Punje moja unatafuna nusu saa!"

Ndipo Bibi akaingia. Tukasimama wote. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni, kuleni."

Nilimpakulia bakuli lake. Alilipokea, akaketi kwenye kigoda, akachukua punje moja kwa vidole viwili. Akaitazama. Akageuza uso taratibu kuelekea mlango wa jikoni. Kisha akaitia ile punje mdomoni, akaitafuna. Alikula bakuli zima, mwanangu, bila neno, akaliramba na ukingo. Wageni walipoaga aliwasindikiza mpaka barabarani, akawaambia karibuni tena.

Aliporudi hakukaa.

"Veronika. Umepika nini leo?"

"Kande, Bibi."

"Hapana. Umepika mwaka kesho."

Sikuelewa. Akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akanionyesha ule mti mtupu. Yale yalikuwa mbegu. Kila mavuno, kabla mtu hajagusa shamba, Bibi alipita peke yake mistarini akichagua mahindi ya mabua yaliyosimama vizuri, akayatundika kwenye moshi ili bungua, wale wadudu watoboao punje, wasiyaguse. Mbegu hiyo alitoka nayo kwa mama yake, juu kule Mbulu, alipokuja kuolewa. Na mwaka ule, kwenye duka la ushirika mbegu haikuwepo, wala haikutarajiwa. Shamba lilikuwa limeshalimwa na linangoja. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Kwaraa kila jioni. Mvua ikija kabla hatujapata cha kutia ardhini, shamba la Bibi lingebaki majani matupu, na sisi tungekula nini, sijui.

"Mbona hukusema walipokuwepo?" nikauliza nikilia.

"Chakula kikishakuwa mdomoni mwa mgeni, hakiulizwi."

Hakunipiga. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika zamani.

Kisha akasema, "Mbegu yangu haijaisha. Iko kwa watu. Kila mwaka nikichagua, nagawa. Kwa Mzee Bura ipo. Kwa mama wa kisimani ipo. Kwa Mama Safari ipo. Kesho baada ya misa utakwenda kuomba."

"Tutakwenda wote, Bibi?"

"Kwani mimi nimepika?"

Usingizi wa siku ile usiuulize. Jumapili nikachukua kikapu. Kwa Mzee Bura nilifika, nikasimama nje ya ua wa minyaa, miguu ikagoma. Yeye alikuwa ndani anachonga mpini wa jembe. Akaniacha nisimame, mwisho akasema bila kuinua kichwa:

"Wewe ni mtu au ni nguzo? Kama ni nguzo, sogea pale ua ulipoanguka."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Yosefu. Mjukuu wa Mama Yosefu."

"Ehe. Sema."

Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya nne likatoka: "Nimepika mbegu."

Mpini ukamdondoka. "Mama Tluway!" akamwita mkewe. "Njoo usikie, wasomi wamekula mbegu!" Wakacheka mpaka kuku wakatawanyika, nami nikatamani kuingia ndani ya kikapu changu. Kisha Mzee Bura akaingia jikoni kwake, akatoka na mahindi manne, meusi kwa masizi kama yale ya Bibi.

"Mwaka ule viwavi walipomaliza shamba langu, bibi yako alikuja hapa na kikapu kama hicho. Sikumwomba. Haya ni yake, yalikuwa yanatembea tu."

Akayashika kwa mikono miwili, akasema dua, kama wazee wa Kiiraqw wanavyosema, kwa picha tupu. "Mvua ije na mwendo wa mama mkwe, isikanyage kitu. Jua liwe jirani, lisiwe mpangaji. Ndege wapite, wasalimie, wasikae kula." Mkewe akawa anaitikia. Mimi nikaduwaa. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu alikuwa anafanya kile kile nilichodhani kinapatikana kwenye kitabu cha Kizungu peke yake. Hakuna aliyemuuliza, "Mvua ina miguu?" Wote tuliona ikija, polepole, imejifunga kanga vizuri.

Mama wa kisimani akanipa mengine manne, na maneno machache ya kunisimanga ambayo nilistahili.

Kwa Mama Safari ilikuwa tofauti. Nilipotaja mbegu, aliwafukuza watoto uani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sisi tulikula ya kwetu mwezi wa tisa, mwanangu. Watoto walikuwa wanalia. Bibi yako hajui. Usimwambie, nakuomba. Kanisani nitamtazamaje?"

Nilikuwa na mahindi manane kikapuni, na shamba zima linayangoja. Lakini nilimtazama yule mama nikajiona mwenyewe, nimesimama katikati ya jiko, nashindwa kusema maneno matatu. Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili. Nikatoa matatu, nikayaweka juu ya kigoda chake. Hakuwa na kitu cha kunipa. Alinichotea maji, nikanywa kata nzima, nikamwahidi kwamba sitasema.

Njiani kurudi kulikuwa na mti mkubwa wa porini niliouona mkavu tangu mwezi wa nane, nikidhani umekufa. Siku ile ulikuwa umetoa majani mapya, madogo, mekundu kama ulimi wa mtoto, na tone moja la mvua lilikuwa halijaanguka bado. Nikasimama chini yake. Hapo ndipo yule mwanamke wa shairi aliponijia, na shali yake na kilemba chake, na nikajua nguo zake zilikokwenda.

Bibi alichungulia kikapuni. "Kwa Mama Safari umefika?"

"Nimefika."

"Amekupa nini?"

Nilikuwa nimeahidi. "Maji, Bibi."

Akanitazama, akanitazama tena. "Na wewe umempa nini?"

"Matatu."

Nikangoja ngumi. Bibi akaketi chini, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Yosefu amezaa mtu! Mwezi wa tisa nilisikia harufu ya mahindi ya kukaangwa ikitoka kwake, nikajua ni mbegu; jana nilimtaja tu ili nisimwaibishe kwako. Siku zote hizi natafuta njia ya kumpelekea nyingine asione haya. Kumbe njia ninayo humu ndani, imekaa kimya inaandika kwenye fomu."

Kutoa ni moyo, mwanangu, usambe ni utajiri.

Jumatatu nilisimama. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mwalimu akasema, "Anza kwa Kiswahili, Kiingereza kitafuata." Basi nikawaeleza. Nikasema yule mwanamke hakuibiwa wala hakufilisika. Nguo alizogawa ndizo mali yake, naye ameziweka kwa mto, kwa kilima na kwa ndege, kama mtu anavyoweka mbegu kwa majirani. Nikawasimulia mti wa juu ya meko, na nilichopika, na nilikokwenda na kikapu.

"Kumbe ile kande…" Hadija alianza, akajiziba mdomo. Wale watano wakatazamana. Siku ile hawakunitania.

"Lakini, Veronika," mwalimu akasema, "mwishoni anaingia kwenye baridi, mtupu, peke yake. Hapo hakuna huzuni?"

"Ipo, mwalimu. Hata Bibi alilia. Ila yeye ni mtupu, na nchi nzima imevaa nguo zake."

Mwalimu Rwechungura alikuwa na kipande cha chaki kidogo kama punje, alichokuwa akikitunza tangu wiki ya nyuma. Alikitumia chote kuandika sentensi ile ubaoni.

Mvua ilinyesha Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikasikia kelele barabarani: Hadija na wale wanne, kila mmoja na jembe begani. Bibi akawapokea mlangoni. "Karibuni, wajukuu. Leo hakuna kande," akasema, na tukacheka njia nzima hadi shambani. Mbegu haikutosha, sikudanganyi. Ilifika nusu, nusu nyingine tukaweka viazi vitamu. Lakini mavuno yalipokuja, kabla mtu hajagusa shamba, Bibi alinishika mkono tukapita mistarini pamoja, akaniambia, "Chagua." Nikachagua, yeye akatundika.

Sasa nasaha yangu, nakupa waziwazi usije ukaitafuta. Shairi likikuonyesha kitu, usikimbilie kukiangua ukapika jibu kwa sababu mwalimu anangoja na wewe una haya. Simama chini yake. Uliza nani ametundika, na kwa nini ameweka pale kwenye moshi. Soma kwa macho ya kwenu, usiyaonee aibu. Jiko la bibi yako linajua mambo mengi ya mshairi wa ng'ambo. Lakini usiishie kwenye ulichokiona, fuata kinakokwenda. Ndipo dhamira itakujia yenyewe, njiani, kikapu kikiwa mkononi. Na katika maisha, ukikosa, sema. Kuuliza si ujinga, na "sina" si aibu. Haya yangu ya maneno matatu nusura itulaze njaa mwaka mzima. Ukipata, gawa ungali nacho, kisha ukipungukiwa utajua pa kwenda.

Haya, chukua kalamu ukaandike mstari wako, nami sitausahihisha. Maneno yako yawe na mizizi kwanza, majani baadaye. Mvua ikufikie na mwendo wa mama mkwe. Na siku utakayotazama juu ukakuta mti wako mtupu, Mungu ajalie kuwe na jiko la jirani ambako mbegu yako inaning'inia, nyeusi kwa moshi, inakungoja.